Jinsi ya kuzuia udongo na mbolea ya bustani yako visiingie mtoni

Mtaro ulio mbele ya geti lako hapa Nairobi hauna mtambo wa kusafisha maji. Kinachoingia humo huishia kwenye mito ya Nairobi, Ngong au Mathare, kisha Athi, ambao ukifika pwani huitwa Sabaki na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kazi hii ifanye Februari au Septemba, kabla ya masika na vuli.

Hatua ya 1: Tazama maji yanapotokea

Mvua ikikolea, toka na mwavuli uone maji yanaachia ploti wapi. Chota hapo kwa chupa isiyo na rangi, uiache mezani hadi asubuhi. Tope lililotuama chini ni udongo wako wa juu, na fosforasi ya DAP (mbolea ya kupandia) na ya samadi imeng'ang'ania chembe hizo. Ukizuia udongo, umezuia sehemu kubwa ya fosforasi. Nitrati ya CAN (mbolea ya kukuzia) ni tofauti: huyeyuka, huioni kwenye chupa, na huzama hadi maji ya visima. Hiyo haizuiwi na tuta, huzuiwa na kipimo cha mbolea unayotia.

Hatua ya 2: Pima udongo unavyonyonya

Kabla ya kuchimba beseni, yaani shimo pana la kina kifupi linaloshika maji ya mvua hadi yanywee ardhini, pima kwanza. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30. Lijaze maji jioni, lijaze tena asubuhi, kisha simika rula uone maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja.

Usiruke ule ujazo wa jioni. Udongo mweusi wa Embakasi au Syokimau ukikauka hupasuka nyufa, na maji ya kwanza hutoweka humo kama yamemezwa. Ukishalowa huvimba, nyufa zinazibika, na maji hayaendi popote. Wengi hudanganywa na jaribio la mara moja, wakachimba bwawa la mbu.

Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, endelea. Yakishuka kati ya 1 na 2.5, beseni lisizidi kina cha sentimita 10, upanue eneo lake. Chini ya sentimita 1, usichimbe kabisa. Weka pesa kwenye gata na tangi, na maji ya ziada yapitishe juu ya nyasi kabla hayajafika mtaroni.

Hatua ya 3: Chimba beseni la kunyonya maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 25 linatoa lita 1,500. Beseni la mita 4 kwa 2.5, kina cha sentimita 15, linazipokea zote.

Likae angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba, mbali na shimo la maji taka. Udongo unaotoa ujengee tuta upande wa mteremko, ulishindilie kwa miguu. Ndani ya beseni usikanyage hovyo. Ukimaliza, legeza sakafu kwa jembe la meno. Sakafu iwe sawa: weka pimamaji juu ya ubao mrefu. Ikiinama, kona moja huoza mimea na nyingine hukauka.

Kisha mlango wa maji ya ziada, ambao ndio husahaulika. Kata tuta upana wa sentimita 30, sentimita 5 chini ya kimo chake, upange mawe ya ukubwa wa ngumi. Bila mlango, mvua kubwa hujichagulia pa kupita, na tuta lote huondoka nayo.

Juu ya tuta panda vetiva (nyasi ya mizizi mirefu) au mchaichai kila sentimita 15. Nduma usipande, maana Januari beseni huwa kavu.

Hatua ya 4: Funika udongo

Vitanda vya mboga vipate matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Ndani ya beseni usiyaweke: huelea na kuziba mlango.

Hatua ya 5: Mbolea na dawa

Peleka udongo maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, Kabete, kabla ya kununua mfuko. DAP iende ndani ya shimo la kupandia, ifunikwe. Kwa nyasi, kilo 1 ya CAN kwa mita 100 za mraba inatosha kwa mara moja. Ina gramu 260 hivi za nitrojeni. Usiimwage wingu likiwa limetanda. Mwaga siku tulivu, kisha nyunyizia maji kidogo yaishushe kwenye mizizi. Chembe zilizorukia kabro (matofali ya sakafu ya nje) zifagie zirudi kwenye nyasi. Ukizipiga kwa maji ya mpira zinaenda moja kwa moja mtaroni.

Samadi ifunikwe kwa turubai, isikae kwenye njia ya maji. Pampu ya dawa usiioshe mferejini: suuza mara tatu kwa maji kidogo, kila mara ukiyanyunyiza kwenye mimea ile ile uliyoipiga dawa.

Baada ya mvua za kwanza, angalia beseni kesho yake. Maji yakiwa bado yamo baada ya saa 48, tope limeziba sakafu: likwangue sentimita 2 au 3, ulirudishe kitandani lilikotoka.