Diski mpya imeingia, taa ya NAS bado ya chungwa?

Kwa wenzangu wa Tanga mnaohifadhi picha za harusi na mafaili ya ofisi kwenye NAS (kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao) nyumbani: taa ikibaki ya chungwa baada ya kubadilisha diski, msikimbilie kuchomoa nyingine. RAID 5, mpangilio unaogawa data kwenye kundi la diski, inavumilia kukosa diski moja tu. Ukitoa ya pili kabla ujenzi upya wa data kwenye diski mpya haujakamilika, data yote imekwenda na maji.

Fungua kwanza ukurasa wa mipangilio usome hali ya diski. Mara nyingi ile mpya imetambuliwa, ila inasubiri uiingize kwenye kundi. Si kila kifaa kinafanya hivyo chenyewe. Pia lazima ukubwa wake uwe sawa na wa zamani au uzidi.

Haionekani kabisa? Zima, chomoa umeme, kagua meno ya soketi ya diski. Kwa sisi wa Raskazone, chumvi ya bahari haina adabu.

Ujenzi ukisuasua mno, huenda umeuziwa diski ya SMR, inayoandika data kwa mistari inayopandana. Bei yake tamu, kazi hii haiiwezi. Na kabla ya yote nakili vya muhimu kwenye diski ya nje, maana ujenzi huzitesa zile kongwe zilizobaki. UPS nayo, ile betri ya akiba umeme ukikatika, msiisahau.