RSVP tayari ina "tafadhali" ndani yake
Herufi hizo nne ni kifupi cha Kifaransa "répondez s'il vous plaît", yaani "jibu, tafadhali". Kwa hiyo ukiandika "please RSVP" kwenye mwaliko wa Kiingereza, umeomba mara mbili. Si dhambi, wengi huandika hivyo, ila mjuzi atatabasamu.

Linaloniudhi zaidi ni "coup de grâce", pigo la kummaliza mtu. Tamka "ku de gras", na s ya mwisho isikike. Ukiimeza, Mfaransa atasikia "pigo la mafuta"!

Na "entrée" je? Marekani ni chakula kikuu, Ufaransa ni cha kufungulia mlo. Ukiwa mgeni mezani, uliza kwanza ndipo uagize.