Jinsi ya kusoma jalada la pensheni la askari majeruhi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Wengi wakishapata jalada hukimbilia kuangalia mzee alilipwa dola ngapi. Mimi naanzia pale alipokataliwa, maana aliyekataliwa alilazimika kujieleza.

Hatua ya 1: Jua alipigania upande gani. Serikali ya Washington iliwalipa askari wa Muungano, yaani wa Kaskazini. Wa Kusini walilipwa na majimbo, tena jimbo alikokuwa akiishi alipoomba. Aliyepigana katika kikosi cha Alabama kisha akahamia Texas, mtafute Texas.

Hatua ya 2: Kama alikuwa wa Muungano, tafuta kadi yake kwenye faharasa ya pensheni, ambayo siku hizi ipo mtandaoni. Ina namba ya ombi na namba ya cheti. Ukikuta namba ya ombi peke yake, ombi halikufika mwisho, lakini usiliache. Unapoagiza kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, omba jalada zima.

Hatua ya 3: Panga karatasi kwa tarehe, kisha weka sheria ya wakati huo pembeni. Sheria ya 1862 ilidai ulemavu uwe umetokana na utumishi, na askari wa kawaida aliyelemaa kabisa alipata dola 8 kwa mwezi. Ile ya 1890 ilitaka siku 90 za utumishi na ulemavu wowote usioletwa na tabia mbaya, kwa dola 6 hadi 12. Ndiyo maana mzee aliyelalamikia risasi ya paja miaka yote, ghafla 1891 anataja baridi yabisi na macho. Usimwite mwongo haraka. Ni mlango mwingine umefunguliwa.

Hatua ya 4: Soma cheti cha madaktari polepole. Kwa kawaida walikaa watatu. Kuna umri, urefu, uzito, mapigo ya moyo, halafu mchoro wa mwili wa binadamu, mbele na nyuma, ambao daktari alitia alama pale risasi ilipoingia na ilipotokea. Chini yake kuna kiwango cha ulemavu kwa sehemu, mathalani 6/18. Linganisha vyeti vya miaka tofauti: mara nyingi kovu ni lile lile, sehemu zinapanda na kushuka. Madaktari nao walikuwa binadamu.

Hatua ya 5: Hapa ndipo pa kukaa siku nzima: viapo vya mashahidi. Weusi wapatao 179,000 walitumikia jeshi la Muungano, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa, na wengine walijiandikisha kwa jina la bwana aliyewamiliki kisha wakalibadilisha baada ya vita. Ofisi ya Pensheni ilipotia shaka, ilimtuma mkaguzi maalumu akahoji majirani: huyu ndiye yule? Alioa lini, nani alishuhudia? Majibu hayo yana majina ya mama, ndugu na mashamba, mambo usiyoyapata kwenye sensa. Tafuta pia fomu ya 1898 inayouliza mke na watoto.

Andika jina la kila shahidi na kikosi chake. Wengi walikuwa wa kombania moja na muombaji, nao walikuwa wakidai pensheni zao. Rudi hatua ya 2 na jina la kwanza kwenye orodha yako.