Kabla hujamlaza mbwa wako kwa watu hapa Goma

Mara ya kwanza nilipopanda boti ya usiku kwenda Bukavu kuchukua vitenge, mbwa wangu Bobi nilimwacha mahali ambapo sikuuliza kitu zaidi ya bei. Niliporudi alikuwa na kupe masikioni, sauti imemkauka kwa kubweka. Siku hizi bei naiuliza mwisho.

Kwanza naangalia mazuku. Wenzangu wa upande wa ziwa, Himbi, Keshero mpaka Bulengo, mnanielewa. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mashimoni na mabondeni. Haionekani. Mchana jua na upepo huitawanya, usiku wa kimya ikakusanyika tena hadi alfajiri. Wewe uliyesimama waweza usihisi lolote, na mbwa aliyelala miguuni pako anakata roho, kwa sababu pua yake iko chini kule kule gesi iliko. Banda lililochimbwa chini kuliko uwanja, au lililofichwa nyuma ya ukuta wa mawe usiopitisha upepo, silitaki hata likipakwa rangi. Na swali hili waulize majirani, usimuulize mwenye banda: kuna mbuzi au kuku waliowahi kukutwa asubuhi wamekufa bila jeraha? Wengine huteremsha mshumaa shimoni. Ukizimika, ondoka. Ukiendelea kuwaka, bado usiamini, maana gesi hudhuru kabla haijafikia kuzima moto. Usiiname wewe kuchungulia.

Ndiyo maana mimi huenda kutazama saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane mchana kila banda ni zuri. Alfajiri utaona kama bakuli lina maji, kama mavi ya usiku bado yako pale, na nani hasa amelala na mbwa. Mara nyingi mwenye mahali analala kwake, kazi yote iko kwa zamu, yaani mlinzi wa usiku. Si kosa, ila ongea na huyo zamu. Mmoja nilimuuliza, "Papa, mbwa akitapika usiku unafanya nini?" Akanijibu, "Namwaga maji, mama." Nikavuta kamba ya Bobi tukarudi nyumbani.

Wasipokuomba karatasi ya chanjo, jua na wale wengine hawakuombwa. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana, hakuna dawa ya kuponya, kwa mbwa wala kwa mtu. Parvo nayo, ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa damu, hukaa udongoni miezi na miezi. Uliza kama kuna mtoto wa mbwa aliyeharisha damu hapo mwaka huu. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa sabuni, kisha javeli, ile dawa ya klorini. Mawe yetu haya ya volkano yenye matundu utayaosha vipi? Na chanjo usiingoje siku ya safari, mwili unahitaji wiki mbili hadi nne ili kinga ishike.

Chakula nabeba mwenyewe: bugari (ugali) na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alivyozoea, bila kitunguu. Chakula kikibadilika ghafla, tumbo nalo hubadilika.

Halafu kufuli. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano yetu, ililipuka jioni ya Jumamosi, watu wakakimbia, hawa Gisenyi, hawa Sake. Mlima hausubiri mwenye funguo atoke mjini. Nataka nione kwa macho yangu kwamba anayelala pale ndiye mwenye funguo za vibanda, na simu yake nimeipiga ikaita.

Yote yakinipendeza, namlaza Bobi usiku mmoja wakati mimi bado niko Goma. Namwachia kitenge changu kikuukuu akilalie. Nusu ya pesa natoa siku hiyo. Nusu nyingine natoa nikimkuta amesimama.