Seva ya nyumbani inamaliza LUKU? Ibane hivi

Seva yangu ni kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha pili, niliyoinunua Kariakoo. Inatunza picha za familia na kurusha filamu kwenye TV ya sebuleni. Siku zote lawama za LUKU nilikuwa naitupia friji. Nilipopima, nikakuta seva inavuta wati 62 hata ikiwa imekaa bure. Usiku na mchana kwa siku 30, hizo ni uniti 44 na ushee. Kama uko kwenye tarifu ya matumizi madogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, zaidi ya nusu imeshaliwa na mashine moja.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Huna kipimawati cha kuchomeka kwenye soketi? Tumia mita yenyewe. Zima kila kitu ndani, friji na rauta pia, ubaki na seva tu. Sasa angalia kitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Kwenye uso wa mita pameandikwa namba ya imp/kWh, yaani kitaa kinawaka mara ngapi kwa kila uniti; yangu ni 1000, kwa hiyo nagawanya 3600 kwa sekunde zinazopita toka kitaa kiwake mpaka kiwake tena. Mimi nilipata sekunde 58, ndiyo wati 62. Kama mita ni ya 1600, gawanya 2250. Rudia mara tano uchukue wastani, na iandike mahali.

Hatua ya 2: Fungua kasha

Watu wengi hukimbilia kwenye programu, lakini ulafi mkubwa uko kwenye vyuma. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Halafu toa kadi ya video. Prosesa kama hii ina sehemu yake ya ndani ya kuonyesha picha kwenye skrini, na seva haihitaji zaidi. Kwangu hiyo peke yake ilishusha wati 17. Diski ya zamani iliyokuwa inazunguka bila kutumika: wati 7. Kisoma DVD: moja. Nikabaki na 37 kabla sijaandika amri hata moja.

Ukiwa bado na bisibisi mkononi, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Yangu ilikuwa imekufa, basi kila umeme ukikatika mipangilio ya BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya mfumo) inafutika na mimi naanza upya.

Hatua ya 3: BIOS

Ruhusu C-states zote, ili prosesa isinzie ikikosa kazi. Agiza pia mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

Hatua ya 4: Amri (natumia Debian, aina ya Linux)

`sudo apt install powertop hdparm`
`sudo powertop --auto-tune`

Tahadhari: amri ya pili, inayowasha mipangilio ya kubana umeme, huweza kulaza vifaa vya USB. Diski yangu ya nje ilipotea katikati ya kunakili picha, nikahangaika nayo jioni nzima. Kama unayo, ondoa kifaa hicho kwenye usingizi kupitia ukurasa wa Tunables ndani ya powertop. Halafu amri hii husahaulika ukiwasha upya, hivyo iweke kwenye crontab ya root (orodha ya kazi za msimamizi wa mfumo zinazojiendesha zenyewe) kwa `@reboot`.

Diski ya filamu ilale baada ya nusu saa:

`sudo hdparm -S 241 /dev/sdb`

Hakikisha kwanza sdb ndiyo yenyewe, kwa `lsblk`. Diski ya mfumo usihangaike nayo, kumbukumbu za mfumo zitaiamsha kila mara.

Hatua ya 5: Usiku izimwe

Kwangu hakuna anayetazama filamu saa nane usiku. Mstari huu kwenye crontab ya root unaizima saa sita usiku na kuiwasha saa kumi na mbili asubuhi:

`0 0 * * * /usr/sbin/rtcwake -m off -s 21600`

Ijaribu mchana kwanza kwa sekunde 300, ukiwa karibu nayo, maana kuna bodi za zamani ambazo haziamki.

Nikarudi kwenye mita na saa mkononi. Kitaa kikawaka, nikangoja mpaka nikadhani mita imekufa: sekunde 124. Wati 29, na kwa saa 18 kwa siku ni uniti 16 hivi kwa mwezi. Friji nimeiomba radhi.