Ndago haziishi kwa palizi moja

Umepalilia vitunguu Jumatatu, Ijumaa shamba ni la kijani tena. Hujapalilia vibaya. Ndago (Cyperus rotundus) ulizokata ni majani tu. Mmea wenyewe uko chini.

Kabla ya lolote, hakikisha ni ndago. Zungusha shina lake kati ya vidole: lina pembe tatu, si mviringo kama la nyasi. Kisha chimba taratibu. Utakuta viazi vidogo vyeusi vimeungana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 hadi 20 za juu. Uzi ukiwa mzima, chipukizi la mbele huvizuia vya nyuma visiote. Jembe likiukata, kila kiazi huamka kivyake. Ndiyo maana palizi moja ikiachiwa hapo huzidisha ndago.

Huota kwenye kichanga na mfinyanzi, kandokando ya mifereji, barabarani, hata uani. Isichovumilia ni vitu viwili: kivuli na kukaushwa na jua.

Kwa hiyo kiangazi ndicho msimu wake wa kupigwa. Ukishavuna, funga maji, lima kufikia kina cha viazi, geuza udongo vibaki juu wazi kwa siku kadhaa za jua kali, kisha rudia. Usilime hivyo udongo ukiwa na unyevu na mvua iko karibu, maana utakuwa unapanda ndago. Viazi utakavyokusanya kwa reki visiingie kwenye shimo la mboji, vichome.

Msimu unaofuata usirudishe vitunguu wala karoti, majani yao hayafuniki ardhi. Panda kunde, maboga au viazi vitamu. Palilia kila baada ya wiki 2 mpaka majani ya zao yafunike ardhi, kabla chipukizi halijatunga viazi vipya. Nailoni nyeusi ya kutandazia usiitegemee, ncha ya ndago huitoboa.

Ukitumia glaifoseti (dawa ya kuua magugu), nyunyiza kabla ya kupanda, ndago zikiwa na majani mabichi yenye nguvu, vaa vifaa vya kujikinga na fuata kipimo cha lebo. Viazi vilivyolala havitaguswa, kwa hiyo utarudia.

Na trekta la kukodi likifika, angalia udongo ulioganda kwenye plau kabla halijaingia shambani. Ukwanguliwe hukohuko barabarani.