Sava ya Nyumbani Lamu: Kubofya au Kuandika Amri?

Nafunga sava majumbani, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya familia na kuyagawia vifaa vingine, na mwenye nyumba huuliza karibu kila mara: ataiendesha kwa kivinjari au kwa kuandika amri? Ushauri wangu: mipangilio ibadilishe kwa kubofya, afya ya mashine ichunguze kwa amri.

Hatua ya 1: Jiulize nani ataitunza ukisafiri. Kama ni mama au mdogo wako asiyewahi kuandika amri, chagua mfumo wenye kurasa za kivinjari. OpenMediaVault, uliojengwa juu ya Debian (aina ya Linux), ni wa bure na huridhika na kompyuta ya zamani. Ukishaufunga, badilisha paswadi ya mwanzo papo hapo, maana inajulikana na kila mtu.

Hatua ya 2: Folda za pamoja, watumiaji na ruhusa, vyote vitengeneze kwenye kurasa hizo. Hapa ndipo wengi huharibu. OpenMediaVault hutunza mipangilio yake ndani ya config.xml, kisha kutokana nayo huandika upya mafaili kama /etc/samba/smb.conf, la mipangilio ya Samba, programu inayogawa folda kwenye mtandao wa nyumbani. Ukilihariri faili hilo kwa mkono, litafanya kazi leo. Siku utakapobadilisha jambo jingine la Samba kwa kubofya, uliyoyaandika yatafutika. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kama unapenda amri kwa kila kitu, ni sawa kabisa, lakini basi funga Debian tupu. Ukitaka na ukurasa wa kutazamia, ongeza Cockpit: hiyo husoma mfumo moja kwa moja.

Hatua ya 3: Washa SSH, njia ya kuandika amri kwenye sava ukiwa kwenye kompyuta nyingine, kwenye kurasa hizohizo, na umwingize mtumiaji wako katika kundi la SSH na la sudo (la wanaoruhusiwa amri za msimamizi). Usiifungulie njia kwenye ruta ili ifikiwe kutoka nje. Faida ya SSH utaiona Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe hudhoofisha waifai: ukurasa unagoma kufunguka, lakini SSH, inayopitisha maandishi tu, bado inajibu.

Hatua ya 4: Umeme ukikatika na kurudi, ingia uangalie:

df -h
cat /proc/mdstat
sudo smartctl -a /dev/sda

Ya kwanza huonyesha nafasi iliyobaki. Ya pili, kwa diski mbili zilizounganishwa kwa RAID 1 (kila moja hubeba nakala ileile), itoe [UU]. Ukiona [U_], moja imetoka. Ya tatu, inayoeleza afya ya diski iitwayo sda, ndiyo ninayoisoma kwa makini zaidi. Tafuta Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zinazohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa, kisha tazama namba ya mwisho wa mstari. Ikiwa inapanda kila ukitazama, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje siku hiyohiyo, ndipo uagize diski mpya. Kutoka Mombasa itakuja kwa basi na boti, na diski inayokufa haisubiri. RAID haikuokoi ukifuta picha kwa bahati mbaya, kwa hiyo nakala ya nje iwepo hata kama kila kitu ni kizima.

Hatua ya 5: Ukurasa ukikataa kabisa, au paswadi imesahaulika, ingia kwa SSH au chomeka kibodi na skrini, uandike sudo omv-firstaid. Menyu itatokea, humo utarekebisha mtandao au kuweka paswadi mpya bila kugusa faili lolote.